Ekzosi kuvuja kwenye gari la turbo: maana yake

Fundi akikwambia ekzosi inavuja, anamaanisha moshi wa injini umepata upenyo wa kutokea kabla haujafika mwisho wa bomba. Huenda gasketi imeungua, boliti imelegea, manifoldi (mabomba yanayokusanya moshi kutoka kwenye silinda) ina ufa, au aliyechomelea aliacha katundu kadogo kama ka sindano. Kwenye gari la kawaida habari karibu inaishia hapo: kelele, harufu, unapeleka kuzibwa. Kwenye gari la turbo kuna swali la kuuliza kwanza. Moshi unavujia kabla ya turbo au baada yake?

Turbo ni feni mbili kwenye shafti moja. Ya kwanza inazungushwa na moshi unaotoka kwenye silinda, ya pili inasukuma hewa safi kwenda kwenye injini, na shafti yenyewe huvuka mizunguko 100,000 kwa dakika. Kwa hiyo moshi ulio kabla ya turbo ni nguvu ambayo bado haijatumika. Ukishapita pale, umemaliza kazi, unatafuta njia ya kutoka tu.

Ndiyo maana mivujo hii miwili hailii sawa. Kabla ya turbo moshi una presha kubwa na joto linaloweza kupita nyuzi 800. Kila silinda ikitema, tundu linatoa "tik" kavu. Ukikanyaga mafuta, tik hizo zinakimbizana kama chereheni ya fundi mwenye haraka ya Idi. Turbo inachelewa kuamka, gari linakuwa zito injini ikizunguka polepole. Tena kati ya pigo moja na jingine tundu linaweza kunyonya hewa ya nje. Kama sensa ya oksijeni iko jirani, inadhani injini imekosa petroli, kompyuta inaongeza, na unaanza kukutana na kituo cha mafuta mara nyingi kuliko zamani. Baada ya turbo sauti ni nzito na laini, "fuu" ya chini ya sakafu, na nguvu haipungui sana. Lakini usiidharau hiyo. Moshi unaweza kuingia ndani ya gari, na kaboni monoksaidi iliyomo, gesi ya sumu, haina rangi wala harufu.

Chukua Subaru yenye injini ya EJ20, ile ya Forester na Impreza za turbo tulizozizoea. Silinda zimelala mbili kushoto, mbili kulia, na turbo iko upande wa kulia, yaani upande wa dereva kwa magari yetu. Moshi wa kushoto lazima upite chini ya injini, ukutane na wa kulia, kisha wote upandishwe na bomba moja hadi kwenye turbo. Hesabu maungio hapo: kila upande unapokutana na injini, mabomba yanapokutana, bomba linapopanda, linapoingia kwenye turbo. Ukibadilisha manifoldi unayafungua karibu yote, na mahali popote uliporudisha gasketi kuukuu iliyokwisha kubonyea, umejiwekea miadi na chereheni. (Ule mngurumo maarufu wa Subaru unatokana na mabomba ya pande hizo mbili kutolingana urefu. Ukifunga manifoldi ya mabomba yanayolingana, mngurumo unaondoka. Hakuna kilichoharibika, umeununua ukimya huo kwa pesa yako.)

Gari langu lilianza hivyo. Asubuhi linapiga tik-tik, baada ya dakika kumi kimya. Gereji ya kwanza waliniambia ni vali, tufungue injini. Nikasita kwa sababu ya ile dakika ya kumi: chuma kikipata moto hutanuka na kuziba upenyo, kikipoa kinauachia tena. Sauti inayokuja na baridi na kuondoka na joto, baada ya kazi ya ekzosi, mimi huanzia kwenye maungio. Tafuta doa jeusi la masizi pembeni ya gasketi. Ukikosa, injini ikiwa baridi, puliza hewa ndogo kwa blowa kupitia mdomo wa ekzosi, nyunyizia maji ya sabuni kwenye kila ungio, uangalie mapovu.

Sio kila kelele ya baada ya marekebisho ni mvujo wa ekzosi, ingawa nyingi zinajifanya hivyo. Umefunga dampu vali, ile inayotupa nje hewa ya turbo ukiachia mafuta, na sasa ekzosi inapiga mabomu ukibadilisha gia? Ile hewa ilishahesabiwa na sensa ya hewa na petroli yake imeshapimwa. Ukiitupa nje, petroli inabaki bila mwenzake, inaenda kulipuka kwenye bomba. Ekzosi haina kosa. Mlio wa "sss" unaokuja turbo ikishika, pamoja na moshi mweusi, mara nyingi ni mpira wa intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo) uliochomoka au klipu iliyolegea. Ile "stututu" wanayoipenda vijana wakiachia mafuta ni hewa inayorudi nyuma kupitia feni ya turbo. Na ukiweka bomba pana baada ya turbo, kisha gari likashtuka ghafla kama limekatiwa mafuta, angalia geji ya presha kabla ya kulala chini ya gari: huenda westigeti, kile kimlango kinachouchepusha moshi, kimezidiwa, presha inapanda kuliko ilivyopangwa, na kompyuta imeamua kuikatiza.

Masega ya katalisti (kisafisha moshi ndani ya bomba la ekzosi) yakivunjika yanacheza kama kokoto ndani ya kopo, hata ukiligonga bomba kwa ngumi likiwa baridi. Kokoto zikisikika kwenye injini, mlimani, umekanyaga, hilo ni jambo jingine: petroli inalipuka vibaya ndani ya silinda, na EJ20 inaweza kupasua pistoni kwa mtindo huo. Achia mafuta, rudi taratibu, usilikimbize tena mpaka lipimwe.

Langu mapovu yalitokea chini kabisa, pale bomba la kupanda linapoanza. Gasketi mpya, boliti zikakazwa, nikaendesha siku chache, zikakazwa tena likiwa limepoa. Chereheni ikanyamaza. Asubuhi iliyofuata ndipo niliposikia bati la kuzuia joto linacheza, "zizizi", ambalo nadhani lilikuwa likilia muda wote chini ya ile kelele kubwa. Hilo nililikaza mwenyewe kwa klipu moja ya hosi.