Kwa nini Little Moreton Hall imepinda

Picha za Little Moreton Hall, nyumba ya kale ya mbao huko Cheshire, Uingereza, husambaa sana mitandaoni, na maelezo yake ni yaleyale: uzee umeiinamisha. Mimi kazi yangu ni majengo ya kale, na jibu hilo haliniridhishi. Ingekuwa ni uzee, sehemu kongwe ndiyo ingekuwa imelala zaidi. Ukumbi mkuu ulijengwa na William Moreton kati ya mwaka 1504 na 1508 hivi, nao umesimama vizuri. Kilichopinda vibaya ni upande wa kusini, wenye lango, ulioongezwa na John Moreton karibu mwaka 1560 hadi 1562.

Katika nyumba ya aina hii ukuta haubebi kitu. Kazi yote ni ya kiunzi cha mwaloni. Mbao zilichongwa zikiwa bado mbichi, ulimi wa boriti ukaingizwa kwenye tundu la nguzo, kisha kigingi cha mti kikapigiliwa kupita katikati ya vyote viwili. Nafasi zilizobaki kwa kawaida zilijazwa fito na kukandikwa udongo; aliyekulia kwenye nyumba ya kukandika hahitaji maelezo zaidi. Kwa hiyo swali la kwanza kuuliza mbele ya nyumba kama hii ni moja tu: uzito wa juu unashukia kwenye nguzo ipi?

Upande wa kusini hauna jibu zuri. Inaonekana ujenzi ulikuwa umeshaanza ndipo mwenye nyumba akataka ghorofa ya tatu: chumba kirefu cha takriban mita 21, cha kutembeatembea ndani, hasa siku za mvua. Ni chumba cha ajabu kwa uzuri. Kwenye kila mwisho kuna sanamu ya plasta, huku Bahati na gurudumu lake, kule Majaliwa. Lakini kitazame kwa jicho la fundi: madirisha yamepangana pande zote, hakuna ukuta wa kukikata katikati, na juu yake kuna paa la vipande vizito vya mawe. Mzigo huo umekaa juu ya boriti ambazo hazikupangiwa kuubeba. Zikalegea, sakafu ikaanza kupanda na kushuka, na kuta zikatoka nje ya mstari.

Siwalaumu mafundi. Maandishi ya mwaka 1559 yaliyochongwa kwenye madirisha ya uani yanamtaja seremala Richard Dale sambamba na mwenye nyumba wa wakati huo, William Moreton wa pili, baba yake John, heshima ambayo mafundi wengi wa enzi hiyo hawakuipata. Kosa ni la uamuzi uliokuja katikati ya kazi.

Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya miaka ya 1640 ukoo ulizama kwenye madeni, nyumba ikapangishwa kwa wakulima, na hakukuwa na fedha za kuibomoa na kujenga ya matofali. National Trust, shirika la Uingereza la kuhifadhi majengo ya kale, liliipokea mwaka 1938.

Inaonekana hata kabla ya hapo chumba cha juu kilikuwa kimeshafungwa kwa vyuma ili kisiendelee kutanuka. Naona ulikuwa uamuzi wa busara. Watu huuliza kwa nini nyumba isinyooshwe kwa jeki, lakini mwaloni uliokauka ukiwa umepinda hukaa hivyohivyo. Ukiulazimisha unyooke, zitakazovunjika ni zile ndimi ndani ya matundu yake, na hizo ndizo zinazoishikilia nyumba.