Tangi la chini ya bodi: maana yake kwenye pikapu ya zamani

Fundi wa Tabora akikwambia, "Mzee, hii tushushe tangi chini ya bodi," anamaanisha mafuta yahame kutoka karibu na makalio yako yaende nyuma, kati ya mihimili miwili mirefu ya chasisi, chini ya sakafu unayopakia mizinga ya asali na magunia. Hilo si sawa na tangi la ziada. Tangi la ziada huongezwa ili gari lifike mbali bila kujaza tena, na la kwanza hubaki pale pale. Kushusha ni kuling'oa lile la zamani kabisa.

Pikapu za Marekani kama Chevrolet na Ford, hadi zile za 1972, tangi lake lilisimama ndani ya kebini, nyuma ya kiti. Land Rover 109 ya pikapu hulibeba chini ya kiti cha mbele, lita 45 hivi. Toyota FJ40 za mwanzo nazo zililiweka chini ya kiti cha abiria. Mpango huo ulikuwa na sababu: bomba fupi, na mafuta yanakaa juu kiasi kwamba uzito wake wenyewe husaidia kuyapeleka kwenye pampu. Lakini bati lililotengenezwa miaka hamsini iliyopita huoza kwenye maungio. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hautoki dirishani. Unashuka na kutuama sakafuni, miguuni pa watoto. Harufu ile ambayo watu husema "ndiyo kawaida ya gari la zamani" si kawaida hata kidogo. Ni mafuta yanayovuja.

Neno "chini" lisikudanganye ukadhani mahali popote chini panafaa. Kuanzia 1973 hadi 1987 General Motors (GM), watengenezaji wa Chevrolet, walitoa matangi ya pikapu zao kubwa ndani ya kebini wakayapachika ubavuni, nje ya mihimili ya chasisi. Gari likigongwa ubavu, kati ya tangi na kile kilicholigonga palikuwa na bati la bodi tu. Watu waliungua. Serikali ya Marekani ilichunguza, na suala hilo likaishia kwa makubaliano mwaka 1994. Kwa hiyo ninaposema tangi la chini ya bodi nasema lililo kati ya mihimili, si pembeni mwake. Mara nyingi nafasi nzuri ni nyuma ya difu (lile boksi la gia katikati ya ekseli ya nyuma), pale tairi la akiba linaponing'inia. Tairi utalitafutia pengine.

Nafasi hiyo ipimwe gari likiwa na mzigo. Springi zikijikunja, difu hupanda, na propela, ile shafti inayoizungusha, hupanda nayo. Tangi lililokaa vizuri gereji laweza kugongwa na difu kwenye shimo la kwanza la njia ya Sikonge. Ekzosi ipite upande mwingine, mbali, na iwekewe bati la kuzuia joto. Kwetu kuna jambo jingine la kuangalia: wakati wa kiangazi, kwenye njia za wafuga nyuki, nyasi kavu hukusanyika chini ya gari na hushika moto kwenye ekzosi. Kila jioni inama uzitoe.

Sehemu ambayo watu hukosea zaidi ni pumzi. Tangi si debe. Pampu inapovuta lita moja, lazima hewa ya kiasi hicho iingie, la sivyo tangi linajinyonga. Gari hukimbia vizuri kilomita kadhaa, kisha linakohoa na kuzima. Ukifungua kifuniko unasikia "fyuu", na linawaka tena. Dereva atabadilisha kabureta, atabadilisha plagi, na ugonjwa uko nyuma kabisa. Pumzi hutoka pia. Petroli hutanuka karibu sehemu moja ya elfu kwa kila nyuzi moja ya joto. Lita 60 zilizotoka kwenye kisima baridi cha kituo, zikapata nyuzi 20 zaidi juani, zinaongezeka lita nzima na kitu. Ndiyo maana tangi hujazwa likabaki na nafasi juu, na ndiyo maana mrija wa pumzi haukatwi ukaachwa unaning'inia karibu na tope. Upandishwe juu hadi usawa wa mdomo wa kujazia, ncha yake ipindwe itazame chini, na uwe na vali inayozuia mafuta gari likipinduka. Anayevuka maji ya mbuga za Malagarasi msimu wa mvua ataelewa kwa nini juu. Mdomo wa kujazia nao unahitaji mteremko usiokatika hadi kwenye tangi na mpira wa petroli halisi, kwa sababu mpira wa maji huvimba na kulainika.

Ukishashusha tangi, pampu ya zamani iliyo kwenye injini inapata kazi mpya. Sasa inavuta kutoka mbali na kutoka chini, na mafuta yanayovutwa kwenye bomba la moto hugeuka mvuke kirahisi. Pampu yoyote ya mafuta husukuma vizuri kuliko inavyovuta. Ikiwa injini inasumbua mchana wa Oktoba, weka pampu ya umeme jirani na tangi, yenye nguvu ndogo inayolingana na kabureta. Ya gari la kisasa ina msukumo mkubwa mara nyingi zaidi na itafurisha kabureta.

Kulifunga, tumia mikanda ya chuma yenye mpira katikati, kwa sababu chasisi hujipinda njiani na tangi lililofungwa bolti kavu litapasuka. Lita 60 za petroli zina uzito wa kilo 45 hivi, na zinarukaruka. Na nakuomba sana: usikubali tangi lililowahi kuwa na petroli lichomelewe kwa sababu eti ni tupu. Tangi tupu limejaa mvuke na hewa, na huo ndio mchanganyiko unaolipuka.

Geji ndiyo huachwa mwisho, na wengi huchukua floti (boya la ndani ya tangi linalopima mafuta) yoyote iliyopo sokoni. Floti hupeleka kwenye geji ukinzani wa umeme, unaopimwa kwa omu, na kila kampuni ilikuwa na kipimo chake. Magari ya GM ya tangu katikati ya miaka ya 1960 yalisoma karibu omu 0 tangi likiwa tupu na 90 likijaa. Ford za zamani zilikuwa kinyume, karibu 73 tupu na 10 likijaa. Ukichanganya, mshale utapanda kadiri mafuta yanavyokwisha. Funga waya wa athi kutoka kwenye tangi hadi kwenye chasisi, kisha jaza lita tano tano ukiwa umeegesha mahali tambarare, na kila mara weka alama ya mshale kwenye karatasi. Karatasi hiyo ibaki garini, ukiwa unakwenda Ipole ama unarudi.