Telegramu: yanayosemwa na yaliyokuwa

"Waya ulifika hadi kwa mpokeaji."
Telegramu ilikuwa ujumbe wa maandishi uliopelekwa kwa waya kati ya ofisi na ofisi, na waya uliishia ofisini. Mtumaji alijaza fomu, karani akahesabu maneno na kutoza, opereta akaupeleka ujumbe. Huko ulikofika ulinakiliwa kwa mkono, au mashine iliuchapa kwenye utepe wa karatasi uliokatwa vipande na kugandishwa kwenye fomu. Kisha tarishi akapanda baiskeli. Makarani walikuwa wameshausoma, kwa hiyo mwenye siri alitumia msimbo.

"Kila sentensi iliishia na STOP."
STOP, neno lililoandikwa badala ya nukta ya mwisho wa sentensi, lililipiwa kama neno lolote, na wengi waliliacha. Liliwekwa pale maana ilipoweza kupinduka. UZA MAHINDI NGANO USINUNUE: ngano nayo iuzwe, au isinunuliwe? UZA MAHINDI STOP NGANO USINUNUE huongeza gharama ya neno moja na kumaliza ubishi.

"Ulilipia ujumbe tu."
Katika telegramu za kimataifa, anwani na jina la mtumaji navyo vilihesabiwa. Ndiyo maana kampuni zilisajili anwani ya neno moja. Kanuni za karne ya 20 ziliruhusu herufi 15 kwa neno la lugha ya kawaida. Zikizidi, lilihesabiwa mawili. Kiswahili kingefaidi hapo: "nitawasili" ni neno moja tu, ingawa "nimekwishawapelekea", lenye herufi 19, lingelipiwa mara mbili.

"Simu ya sauti iliiua mara moja."
Iliendelea muda mrefu baada ya simu kuja: kampuni ya Western Union ya Marekani ilisitisha telegramu Januari 2006, India Julai 2013.

"Ikikosewa, ofisi ililipa hasara."
Mwaka 1887 Frank Primrose, mfanyabiashara wa sufu wa Philadelphia, alimpelekea wakala wake aliyekuwa Kansas ujumbe wa msimbo. Ndani yake neno "bay" lilimaanisha "nimenunua". Likafika "buy", yaani nunua. Katika Morse, alama za kupelekea herufi kwa waya, A ni nukta na kistari. U ni nukta mbili na kistari. Nukta moja tu! Wakala akanunua sufu, na hasara ikapita dola 20,000.

Kinga ilikuwepo: kwa nusu ya nauli zaidi, ujumbe ulirudishwa ofisi ulikotoka ukalinganishwa na fomu. Primrose hakuilipia. Mwaka 1894 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba anastahili kurudishiwa nauli tu: dola 1.15.