Kuanguka kutoka juu kazini: maswali ya mafundi wa ujenzi wa Mwanza na familia zao

Nyumba ya kawaida tu, urefu wa lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha). Kuanguka hapo kunaua?

Kunaua. Anayeanguka kutoka mita 3 hufika chini kabla sekunde 1 haijaisha, kwa mwendo wa karibu kilomita 28 kwa saa. Kichwa kikitangulia, au akitua kwenye jiwe, urefu huo unatosha. Na Mwanza jiwe halikosekani. Nyumba za mlimani, kama za Igogo au Mabatini, huonekana fupi upande wa juu, kumbe upande wa bondeni ukuta huohuo una kimo cha ghorofa. Urefu upimwe kutoka bondeni.

Jukwaa la mirunda (nguzo za miti za kusimamia wakati wa kujenga) huangusha watu kwa nini?

Mara nyingi kinachoanza kushindwa ni ubao wa kukanyagia. Mbao zilizokwisha kutumika kumwagia zege huonekana nzima, lakini zimepasuka kwenye matundu ya misumari ya zamani. Tumia mbao za inchi 2 zisizo na fundo kubwa, mbili au tatu ubavu kwa ubavu, zenye egemeo (mti wa kuzibeba kwa chini) kila mita 1.5. Ncha ipite egemeo kwa sentimita 15 hadi 20. Ikiwa fupi itachomoka. Ikiwa ndefu, ukiikanyaga ubao unabinuka nawe.

Miguu ya mirunda isisimame juu ya kifusi, kwani mvua ya usiku mmoja huizamisha. Iwekee vipande vya mbao pana chini.

Kisha weka kizuizi: mrunda wa kulala kimo cha mita 1, na mwingine katikati. Tunakisisitiza kuliko kifaa kingine chochote, maana humlinda hata fundi aliyechoka au aliyejisahau.

Na mkanda wa usalama?

Unafaa ukifungwa mahali imara juu ya kichwa. Ukifunga kamba ya mita 2 usawa wa miguu, utashuka karibu mita 3.5 kabla haijakaza. Kwenye nyumba ya mita 3 utakuwa umeshafika chini. Usiufunge kwenye mrunda wa jukwaa lilelile unalosimamia. Aliyebaki akining'inia ateremshwe ndani ya dakika chache, kwa sababu mikanda ya mapajani huzuia damu kurudi moyoni.

Ngazi?

Kila mita 4 za kimo, mguu usogee mita 1 kutoka ukutani. Juu ipite ukingo kwa mita 1, na ifungwe. Kwenye mteremko usiitegeshe kwa tofali, sawazisha ardhi.

Upepo wa ziwa una uzito gani wakati wa kupaua?

Mkubwa. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu, na bati zima mikononi hugeuka tanga. Mabati yapandishwe asubuhi. Upepo ukianza, asitembee mtu na bati juu ya kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa).

Mwenzetu ameanguka. Tufanye nini?

Usimwinue kwa mikono wala kumpakia bodaboda. Uti wa mgongo ukiwa umevunjika, kumkunja kunaweza kumpoozesha. Mmoja ashike kichwa kisicheze, mwingine apige 112. Kama hapumui, anza kukandamiza kifua mara moja. Damu inayotoka ibanwe kwa kitambaa safi. Ikibidi kumhamisha, watu 4 wamgeuze kwa pamoja, kichwa na kiwiliwili vikiwa mstari mmoja, mpaka kwenye ubao mpana au mlango.

Usimchue, usimpe chai wala maji. Huenda akahitaji upasuaji.

Anayesema "niko sawa" ndiye anayetutia hofu zaidi. Mfupa wa paja uliovunjika unaweza kuficha zaidi ya lita 1 ya damu ndani ya mguu, na damu ya kichwani inaweza kujikusanya taratibu huku akizungumza vizuri. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Akitapika, akisinzia, akichanganyikiwa, mboni zikitofautiana au majimaji yakitoka puani au masikioni, ni dharura, hata kama alisharuhusiwa kurudi nyumbani.

Nani anagharamia?

Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi hugharamia matibabu ya aliyeumia kazini, na akifariki hulipa wategemezi wake. Mchango hutolewa na mwajiri, haukatwi kwenye mshahara. Kabla ya kupanda jukwaani, muulize kama amejisajili.