Pikseli moja ya Cerrado, na nyika inavyoisha

Kazi yangu ni kusoma picha za setilaiti, na kwa miaka sasa eneo ninalolisoma zaidi ni Cerrado, ile nyika ya Brazili yenye ukubwa wa karibu kilomita za mraba milioni 2. Watu wakisikia Brazili wanawaza Amazon tu, Cerrado wengi hata jina hawajawahi kulisikia, na hilo linaniuma kweli maana karibu nusu ya uoto wake wa asili umeshaondoka na mwaka 2023 eneo lililofyekwa huko lilizidi hata la Amazon.

Zamani wakulima wakubwa hawakuitaka. Udongo una tindikali na alumini nyingi, mizizi ya mazao inadumaa. Embrapa, shirika la serikali ya Brazili la utafiti wa kilimo, ilipoanzishwa 1973 watafiti wakaipatia dawa yake, yaani mwaga chokaa, ongeza fosfeti, panda soya iliyozalishwa kwa ajili ya tropiki, na ikakubali. Kwa kilimo yalikuwa mafanikio makubwa, sibishi. Ila nyika ikaanza kuhesabiwa kama ardhi inayosubiri trekta.

Sasa ngoja niwaonyeshe pikseli moja tu, yaani nukta moja ya picha. Kwenye picha za setilaiti za Landsat ni mraba wa mita 30 kwa 30, mimi nafuata ukijani wake mwaka hadi mwaka na kuuchora kama mstari. Nyika ikiwa bado nzima mstari unapanda mvua zikianza mwezi wa 10, kiangazi unashuka taratibu lakini haugusi chini, kwa sababu nyasi zimekauka ila ile miti mifupi yenye magome mazito mizizi yake imezama mita nyingi na bado inakunywa. Mwaka mwingine unaanguka ghafla, hapo moto umepita, usishtuke, mvua zikija unapanda tena, nyika hii inaujua moto tangu zamani sana. Halafu unafika mwaka mstari unaanguka na hauinuki, matrekta mawili yamefungwa mnyororo mzito katikati yakapita yanang'oa kila kitu, na msimu unaofuata unaona kilele kimechongoka kama sindano, hiyo soya, kinaporomoka, kinapanda cha pili, mara nyingi mahindi, kisha udongo mtupu. Vilele viwili vya namna hiyo ndani ya mwaka mmoja, nyika hapo haipo tena.

Kigumu zaidi kutambua ni malisho yaliyopandwa baada ya kufyeka. Brachiaria, nyasi za ng'ombe zilizotoka Afrika, kwenye picha ya kiangazi zinafanana mno na uwanda wa nyasi za asili, nilipoanza kazi niliwahi kuandika uwanda mzima kuwa umeshafyekwa kumbe ulikuwa mzima kabisa. Ndo maana picha moja haitoshi, lazima uwe na mwaka mzima.

Na sheria yenyewe inaibana nyika. Kwa sheria ya misitu ya 2012 mwenye shamba ndani ya msitu wa Amazon anatakiwa abakize uoto wa asili kwenye asilimia 80 ya shamba lake, kwenye Cerrado ni 20 sehemu nyingi, au 35 ikiwa ndani ya eneo ambalo sheria inalihesabu kuwa Amazon, kwa hiyo ufyekaji mwingi unaweza kupita na kibali mkononi. Siku hizi unasogea kwenye majimbo ya Maranhão, Tocantins, Piauí na Bahia, kwenye nyanda tambarare zinazopendwa na mashine, na nyanda hizohizo ndizo zinazonyonya mvua na kulisha mito kama São Francisco.

Juzi nimerudia pikseli ya shamba lililoachwa miaka mingi. Kijani kimerudi, mstari mzuri tu, ukiutazama haraka unasema nyika imepona. Nikakuza picha kali zaidi ya eneo lile: brachiaria tupu, miti michache pembeni, na nyasi za asili hakuna, maana sehemu kubwa ya uhai wao ilikuwa chini ya ardhi na plau ilishaipasua siku ya kwanza.