Kitu kilichoupita mwanga kingeonekanaje?

Kuona ni kupokea mwanga uliokwisha kuondoka kwenye kitu. Jua unaloliona sasa ni lile la dakika 8 zilizopita. Kwa kitu kinachokwenda polepole tofauti hiyo haisumbui. Kikianza kushindana na mwanga, unaosafiri kilomita 299,792 kwa sekunde katika ombwe, macho huanza kudanganywa.

Kinachokujia kwa kasi inayokaribia hiyo hung'aa kupita kiasi na rangi yake kusogea upande wa buluu. Kikishapita, hufifia na kuelekea wekundu. Nadharia ya Einstein ya 1905 inasema pia kwamba urefu wake husinyaa. Lakini kupima si kuona: mwaka 1959 James Terrell na Roger Penrose, kila mmoja kivyake, walionyesha kwamba tufe lingeonekana bado duara, ila kama limegeuzwa kidogo.

Kikija moja kwa moja kwa kasi ileile ya mwanga, usingekiona kabisa mpaka kikugonge, kwani picha yake ingefika pamoja nacho. Einstein hakiruhusu kitu chenye tungamo kufika huko. Tukimweka kando kidogo na kukipa kasi maradufu, kingekupita pembeni kabla hujaona chochote. Kisha zingejitokeza picha mbili kwa pamoja. Moja ingekimbilia kinakokwenda. Nyingine ingerudi kinyumenyume kilikotoka, kwa sababu mwanga wa karibu, ingawa uliondoka mwisho, ungekufikia kabla ya ule wa mbali uliotangulia.

Hiyo ni ndoto ya hesabu, lakini angani kuna kiinimacho cha kweli. Katika galaksi ya M87, darubini ya Hubble iliona mabonge ya gesi yakisogea kana kwamba yana kasi mara 6 ya mwanga. Hakuna sheria iliyovunjwa. Bonge huja karibu moja kwa moja kuelekea kwetu, likiufukuzia mwanga wake lenyewe. Chukua bonge lenye asilimia 99 ya kasi ya mwanga, likienda nyuzi 10 tu pembeni mwa mstari unaotuelekea. Katika miaka 100 husogea kando miaka ya nuru 17 (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja), ila huwa limetukaribia kiasi kwamba sisi huiona safari hiyo yote ndani ya miaka 2 na nusu hivi. Gawanya 17 kwa 2.5: karibu mara 7.