Asilimia ya Rotten Tomatoes si alama za mtihani

Tomatometer, ile asilimia ya Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya wahakiki wa filamu, inaonyesha ni wahakiki wangapi kati ya waliohesabiwa wameipendekeza filamu. Basi. Kila mhakiki anahesabiwa kuwa ameikubali au ameikataa, na filamu ikifikisha 60% inapewa nyanya nzima; chini ya hapo, iliyooza.

Tatizo ni kwamba watu wanaisoma 92% kama alama 92 kwa 100, halafu wanabishana kwamba filamu hii ni bora kuliko ile ya 70%. Hesabu yenyewe haisemi hivyo. Chukua wahakiki 10. Filamu ya kwanza wote wanaipa 6 kwa 10: inatazamika, haina jipya. Inapata 100%. Ya pili, saba wanaipa 9 na watatu wanaipa 4. Inapata 70%, ilhali wastani wake ni 7.5 na wa ile ya kwanza ni 6. Filamu inayothubutu na kugawa watazamaji inaumizwa na mfumo huu. Isiyomkera mtu inabebwa. Inasikitisha kuona filamu nzuri zikirukwa kwa sababu hiyo.

Filamu ya Citizen Kane ya 1941 ilishuka kutoka 100% hadi 99% mwaka 2021, baada ya maoni mabaya ya mhakiki mmoja, yaliyochapwa na Chicago Tribune miaka 80 nyuma, kuingizwa kwenye hesabu. Filamu ni ileile.

Tazama pia idadi ya wahakiki. Wakiwa 12, mmoja akikataa inabaki 92%. Akikataa wa pili, 83%. Wakiwa 300, mmoja hasogezi hata nusu ya asilimia. Ndiyo maana namba za siku za kwanza huyumba sana.

Anayetaka wastani wa alama za wahakiki aende tovuti ya Metacritic, ingawa nako baadhi ya wahakiki wanapewa uzito zaidi ya wengine. Alama za tovuti ya IMDb ni kura za watazamaji. Kampuni ya CinemaScore huwahoji watu ukumbini siku ya uzinduzi: filamu ya mother! ya 2017 ilipewa F, daraja la chini kabisa, wakati wahakiki wengi waliipendekeza.

Kwa hiyo ukikuta 65%, usiseme filamu imepata 65. Sema karibu wahakiki wawili kati ya watatu wameipendekeza, kisha mtafute mmoja wa walioikataa usome sababu zake.